Baa ya siku ya mechi Namboole, Lugogo na Nakivubo: tutazame kwanza njia ya kurudi nyumbani

Jirani wa Kireka

Ndugu zangu, tangu Uwanja wa Taifa wa Mandela pale Namboole urudishiwe mechi za Cranes, timu yetu ya taifa ya Uganda, mwaka 2024, na zaidi baada ya mashindano ya CHAN, yale ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ya Agosti 2025, watu wamekuwa wakiulizana mahali pazuri pa kukaa kabla na baada ya mchezo, na majibu mengi huishia kwenye bei ya bia na ukubwa wa skrini. Naomba nilete hoja nyingine, nanyi mnirekebishe penye upungufu. Naamini kwamba baa ya siku ya mechi huchaguliwa kwa kutazama kwanza njia utakayorudia nyumbani, pili umbali wake kutoka getini, na mambo mengine yote, iwe bia, nyama, muziki au skrini, yaje baadaye.

Chukueni Namboole yenyewe. Uwanja uko kilimani kando ya Barabara ya Jinja, Kireka ikiwa upande wa Kampala na Bweyogerere upande wa Mukono, na ile Northern Bypass inayotoka Busega inaishia papo hapo karibu. Mchezo unapokwisha, umati wote unateremka kwa wakati mmoja kwenye barabara ambayo tayari imejaa malori ya kwenda Malaba na Busia, mabasi ya masafa marefu na teksi za Mukono, yaani zile basi ndogo za abiria. Mtu anayeishi Seeta akikaa Kireka kwa sababu amesikia sifa za muchomo, yaani nyama choma, wa huko, itambidi baadaye atafute teksi iliyokwisha kujaza abiria tangu mjini, na hiyo teksi ikipatikana itampitisha tena katikati ya msongamano ule ule wa uwanjani. Anayeishi Banda au Nakawa akikaa Bweyogerere, yatampata hayo hayo kwa upande wa pili. Kwa hiyo wa Kampala akae Kireka au asogee hadi Banda, wa Mukono akae Bweyogerere, na wa Kyaliwajjala au Namugongo aingie Kireka ndani, kwenye barabara ya Namugongo, ambako akishamaliza chupa yake hana haja ya kurudi tena Barabara ya Jinja.

Kuhusu umbali, nawashauri mtembee. Baa zilizo karibu kabisa na mageti hujaa saa nyingi kabla ya mchezo, meza zake hupangwa mpaka mlangoni, na mwendesha bodaboda anayesubiri hapo hutaja bei anayoitaka kwa kuwa anajua huna njia nyingine. Mwendo wa dakika kumi na tano hadi ishirini kwa miguu hubadilisha mambo yote hayo. Umati umepungua, bodaboda zinashindana, na mhudumu ana nafasi ya kusikia unachoagiza.

Hofu ya kukosa kiti ndiyo inayowaharibia watu mchezo wenyewe. Tarehe 18 Agosti 2025, Uganda ilikuwa nyuma kwa mabao 3-1 dhidi ya Afrika Kusini hadi dakika za mwisho, kisha ikasawazisha 3-3 na kuingia robo fainali. Aliyenyanyuka mapema ili awahi meza hakuliona jambo ambalo watu watalisimulia kwa miaka mingi. Aliyechagua baa ya mbali kidogo, na amekwisha kuzungumza na mwenye baa mchana, hana sababu ya kutoka kabla ya kipenga.

Lugogo, kwenye uwanja wa klabu ya KCCA unaoitwa kwa jina la Phillip Omondi, hali ni tofauti, kwa kuwa uwanja ni mdogo na umati wake hauwezi kuziba barabara. Tatizo la pale ni Uingereza. Mechi nyingi za ligi yetu huanza saa 10 jioni na kumalizika muda mfupi kabla ya saa 12. Mechi za Jumamosi za Ligi Kuu ya Uingereza zinazoanza saa 9 alasiri kwa saa za kwao, hapa kwetu huanza saa 11 jioni wakati wa majira yao ya joto, lakini wakisharudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba, zinaanza saa 12 jioni hadi mwishoni mwa Machi. Maana yake ni kwamba katika miezi hiyo unatoka Lugogo wakati ule ule ambapo kila baa yenye skrini inajazwa na mashabiki wa Arsenal na Manchester United ambao hawakukanyaga uwanjani. Inaniuma kuona mtu aliyelipa kiingilio kuitazama timu ya nyumbani akikosa hata pa kusimama. Kwa mechi za Lugogo, basi, tafuteni mahali pasipo na skrini. Vipo vibaa vya namna hiyo, vile tunavyoviita kafunda, upande wa Naguru na Nakawa, na mazungumzo ya mpira huko ni mazuri zaidi kwa sababu waliomo wameuona mchezo kwa macho yao.

Shabiki wa Jogoo

Ndugu Jirani, nimeisoma hoja yako kwa makini na ninaikubali kwa upande wa usafiri, lakini naona umeipa barabara uzito kuliko mpira. Mimi ni mtu wa SC Villa, klabu tunayoiita Jogoo, na kwetu siku ya mechi huanza pale mashabiki wanapokutana nje ya uwanja wakiwa wamevaa jezi, ngoma zinapigwa, na watu wasiofahamiana wanabishana kuhusu kikosi cha leo. Jambo hilo halipatikani dakika ishirini kutoka getini. Tulipotwaa ubingwa wa ligi mwaka 2024, baada ya kuungoja miaka 20, furaha ile ilikuwa ya watu waliosimama pamoja, na hakuna aliyekuwa akihesabu bei ya bodaboda.

Pendekezo langu ni kuigawa siku mara mbili. Kabla ya mchezo kaa karibu na geti, hata ukisimama na soda mkononi, kwa sababu wakati huo watu wanawasili kidogo kidogo na barabara bado inapitika. Baada ya mchezo ndipo ufuate ushauri wa Jirani, utembee mpaka upande wa kwenu. Nadhani kosa la wengi ni kutaka baa moja itimize kazi zote mbili.

Dada wa Ntinda

Naomba niongeze mambo ambayo wanaume huyaacha wanapozungumzia baa, ingawa yanawahusu hata wao. Mimi na wenzangu huenda Namboole tukiwa kikundi cha wanawake, na kabla hatujauliza bei ya kitu chochote, huuliza choo kiko wapi. Choo kilicho nyuma ya jengo, kisicho na taa, ambacho unakifikia kwa kupita katikati ya wanaume waliolewa, kinatosha kutufanya tuondoke hata kama nyama inanukia vizuri. La pili ni mwanga wa njia kutoka mlangoni hadi barabarani, kwa sababu mechi za Cranes siku hizi huchezwa hata usiku, na unapotoka baada ya saa 4 usiku, hatua mia moja za giza ni safari ndefu.

Naafikiana na Jirani kuhusu kafunda. Watu hudhani kwamba baa kubwa yenye walinzi ndiyo salama zaidi, lakini katika kafunda ambamo mama mwenye baa anaketi mwenyewe mlangoni na anawajua wateja wake kwa majina, mtu mlevi akianza kumsumbua mwanamke, huambiwa mara moja aondoke, naye anaondoka kwa sababu kesho atataka kurudi. Katika ukumbi mkubwa wa siku ya mechi hakuna anayemjua mwenzake. Sisi hufika mapema, tunamwamkia mama, tunamweleza kwamba tutarudi baada ya mchezo, na mara nyingi anatuwekea benchi la ukutani, karibu na kaunta.

Kwa usafiri, tunaagiza bodaboda kwa simu tukiwa bado ndani, wala hatusimami barabarani kuita. Dereva akifika anakuja mpaka mlangoni, na namba yake inabaki kwenye simu ya aliyebaki.

Jirani wa Kireka

Dada wa Ntinda, asante sana, na ninakiri kwamba suala la choo na taa linapaswa kuwa juu kuliko nilivyoliweka, maana kwa kweli sikuliweka popote. Ndugu Shabiki wa Jogoo, pendekezo la kuigawa siku mara mbili ni zuri na ninalichukua, kwa sharti moja: anayekaa karibu na geti kabla ya mchezo awe amekwisha kula. Foleni ya ukaguzi Namboole huwa ndefu, chupa haziruhusiwi kuingizwa, na mtu aliyeanza kunywa bila chakula tumboni, akasimama juani kwenye mstari, huwa amechoka kabla mpira haujawekwa katikati.

Wa Kaunta, Bweyogerere

Nimefanya kazi ya kaunta kwa muda mrefu katika eneo la Bweyogerere, hivyo naomba niwaeleze mambo yalivyo upande wa pili wa meza, kwa kuwa mteja anayeyafahamu hupata huduma bora.

Jambo la kwanza ni ubaridi. Jokofu la baa ya kawaida linatosha wateja wa kawaida. Siku ya mechi, kreti zilizopozwa tangu asubuhi huisha kabla ya mchezo kuanza, na zinazoingizwa baada ya hapo hazipati muda wa kupoa, kwa hiyo wimbi la pili la wateja, lile linalofika baada ya kipenga, hunywa bia ya moto na kulalamika. Mwenye baa anayejiandaa hununua mabarafu na kuyaweka kwenye mapipa pamoja na chupa. Ukipita mchana ukaona mapipa hayo, ujue mwenye mahali hapo anaifahamu kazi yake. Ukiona jokofu moja tu linalofunguliwa kila dakika, tafuta pengine au kunywa bia isiyo baridi bila manung'uniko, kama wafanyavyo wazee wengi hapa kwetu.

Jambo la pili ni nyama. Muchomo wa mbuzi au wa nguruwe hauwezi kuharakishwa bila kuharibika. Watu mia wakiagiza kwa pamoja, mchomaji huongeza mkaa, nyama inaungua nje na kubaki mbichi ndani. Njia iliyo bora ni kupita kabla ya mchezo, kuchagua kipande chako, kutaja saa utakayorudi na kulipa nusu ya bei. Mchomaji atakiweka pembeni ya moto na kukimalizia akisikia kelele za mwisho kutoka uwanjani. Asiyetaka kusubiri aende kwa wauza rolex wa barabarani, kwani chapati na mayai huiva kwa dakika chache na kushibisha vizuri.

Jambo la tatu ni malipo. Siku ya umati mkubwa mtandao wa simu huzidiwa, na ujumbe wa kuthibitisha malipo ya simu unaweza kuchelewa sana. Hapo ndipo ugomvi huanza, mteja akisema amelipa na mhudumu akisema hajapokea kitu, na wote wawili wakiwa wakweli. Mhudumu akikosa pesa jioni hukatwa kwenye mshahara wake, na mshahara wenyewe ni mdogo. Nawaomba mje na noti ndogo ndogo, mlipe kila mnapoletewa, na mtake chupa ifunguliwe mbele yenu. Hilo la mwisho linawalinda ninyi, na linatulinda hata sisi.

Msafiri wa Kisumu

Habari zenu ndugu wa Uganda. Mimi ni Mkenya, na kwa kuwa Uganda, Kenya na Tanzania tumepewa kuandaa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, natarajia kuja Kampala na wenzangu wachache. Tukija na basi kupitia Busia, je, ni lazima tufike kwanza katikati ya jiji ndipo turudi uwanjani? Na mgeni asiyejua Luganda atapokelewaje kwenye hizo kafunda mnazozisifu?

Jirani wa Kireka

Karibu sana, ndugu yangu wa Kisumu. Basi la kutoka Busia hupita Jinja na Mukono kabla ya kufika Kampala, kwa hiyo utapita Bweyogerere na Kireka kabla hujaiona Kampala yenyewe. Ukizungumza na kondakta mapema, mnaweza kushuka Bweyogerere, mkatafuta chumba cha kulala huko huko na kuweka mizigo, kisha mkaenda uwanjani kwa miguu. Kuingia mjini na mabegi halafu kurudi Namboole siku ya mechi ni kuyapoteza masaa bure. Msiende baa mkiwa na mizigo. Begi kubwa linakuzuia kuingia uwanjani, na likiachwa nyuma ya kaunta linakuwa wasiwasi kwenu na kwa mwenye baa.

Kuhusu lugha, msiwe na shaka. Barabara ile ni ya madereva wa malori, wafanyabiashara na askari, na Kiswahili kinasikika kila siku. Jifunzeni tu kusalimia kwa Kiganda kabla ya kuagiza. Anayeingia na kutaja bia kabla ya salamu huonekana amekosa adabu, hata akiwa na pesa nyingi.

Mzee wa Mengo

Wanangu, nimefurahi kuona mazungumzo ya heshima. Mmezungumzia Namboole na Lugogo, na Nakivubo imetajwa kwenye kichwa cha uzi tu. Uwanja huo ulianza kutumika mwaka 1926, na sasa umejengwa upya katikati kabisa ya biashara, karibu na soko la Owino na vituo vikubwa vya teksi. Ushauri wangu kwa Nakivubo ni mfupi: msinywe pale. Baa za karibu nyingi ziko juu ya maduka, ngazi zake ni nyembamba, na watu mia mbili hawawezi kuziteremka kwa haraka likitokea jambo. Tena mfereji wa Nakivubo hufurika mvua kubwa inaponyesha, na katika miezi ya Machi hadi Mei, au Septemba hadi Novemba, mvua ya jioni inaweza kuwafungia humo kwa muda mrefu. Vituo vya teksi viko hatua chache kutoka uwanjani. Pandeni teksi, mwende mkanywe mtaani kwenu, mbele ya majirani zenu.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi hawakulishuhudia. Tarehe 11 Julai 2010, watu walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka katika klabu ya raga ya Kyadondo, ambayo iko eneo hilo hilo la Lugogo mnalolijadili, na katika mkahawa mmoja wa Kabalagala. Watu zaidi ya 70 waliuawa. Walikuwa wamekwenda kutazama mpira, kama ninyi. Tangu siku hiyo, mahali panapokusanya mashabiki pasipo na ukaguzi mlangoni mimi siingii, hata nikialikwa na rafiki. Nawaona vijana wakinung'unika wanapopekuliwa mifuko, wakitaka wapite haraka wasipitwe na bao. Mvumilieni yule mlinzi. Na mkishaingia, tazameni ulipo mlango wa pili, na mkae upande huo.

Shabiki wa Jogoo

Mzee wetu, shikamoo, na asante kwa kutukumbusha. Nakubaliana nawe kuhusu ukaguzi bila kusita. Kuhusu Nakivubo nitakupinga kidogo, kwa heshima: baadhi yetu tunaishi Kisenyi na Mengo, na kwetu pale ndipo mtaani. Lakini la ngazi nyembamba ni kweli, na tangu sasa nitakuwa nikichagua baa ya chini.

Dereva wa Mukono

Je, kwa sisi tunaokuja na gari? Baada ya mechi polisi huwa na kipimo cha ulevi barabarani, ile operesheni tunayoiita Kawunyemu, na sijaona mtu akigusia suala la maegesho.

Jirani wa Kireka

Ndugu Dereva, kwanza mchague kabla ya safari mtu mmoja ambaye hatakunywa kabisa, na gharama ya chakula chake mgawane, maana ndiye anayewabeba. Mkikosa mtu wa namna hiyo, acheni gari Mukono mpande teksi. Mkija na gari, msiliingize kilimani karibu na uwanja, kwa sababu litazibwa na mengine na hamtatoka mpaka umati uishe. Tafuteni Bweyogerere baa yenye ua na mlinzi, upande wa barabara unaoelekea Mukono ili msilazimike kukata magari ya upande wa pili mkitoka. Mlipeni mlinzi kitu kidogo mnapofika, na mwegeshe gari likiwa limetazama geti la kutokea.